Steshenari ya karibu na stendi, Moshi: nyota tatu

Nimeshaitumia mara tatu kutuma maombi ya kazi serikalini. Jina la duka silitaji, sababu utaiona mbele.

Kijana wa kompyuta ni nyota tano peke yake. Nilikwenda kuomba nafasi ya Msaidizi wa Kumbukumbu kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi serikalini, haraka zangu zote. Alisoma tangazo mpaka mstari wa mwisho, akanirudishia karatasi. "Dada, hii ni hati ya matokeo. Wanataka cheti chenyewe cha kidato cha nne." Halafu akaona cheti kinasema Mariamu, kitambulisho cha NIDA kinasema Mariam. Herufi moja! Akanituma kwa wakili nikaapishwe kwanza. Nilinuna, ila nilikwenda. Shilingi 5,000 zake nililipa kesho yake, kila kitu kilipokaa sawa.

Sasa ubaya. Kwenye benchi la pembeni ya mashine ya fotokopi hukaa baba mmoja wa koti la kaki. Eti "ana mtu Dodoma", huko makao makuu ya serikali. Aliniomba laki mbili za kusukuma jina. Nikamuuliza atasukuma jina gani, wakati matokeo ya mchujo, ule mtihani wa kwanza wa usaili, hubandikwa kwa namba ya usaili na alama? Akageukia fotokopi kana kwamba haijawahi kutoa karatasi. Kuomba kwenyewe ni bure, wala Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachosaili waombaji, haitozi mtu hela.

Mjomba wangu, mstaafu wa halmashauri, anazikumbuka enzi za vimemo, bosi akijaza ofisi kwa watoto wa shemeji zake. Ndiyo maana anaitetea sana ile Sekretarieti iliyokuja na marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma: kwa kawaida mwenye uhitaji wa mtumishi hamsaili mwenyewe. Na juu ya waajiri kuna Tume ya Utumishi wa Umma, inayokagua kama wanafuata sheria na kanuni.

Mchujo nilipata 61. Wa mwisho kuitwa kwenye mahojiano alikuwa na 64. Iliniuma wiki nzima, lakini nilijua nimekosa alama tatu, sikukosa mjomba mkubwa.

Mara ya tatu nilimkuta baba wa koti palepale, anaongea na binti mwenye bahasha mpya. Nilimwambia mwenye duka. "Huyo mteja tu, dada." Nyota mbili nimezikata hapo. Ukienda, nenda asubuhi, mwulizie kijana wa kompyuta, na lile benchi usilikalie.