Begi la shule: kabla hujaenda Mwanga kununua jipya

Kila Januari shule zikikaribia kufunguliwa, nyumbani kwangu hapa Ujiji nasikia neno lile lile: "Mama, begi langu limekufa." Mwaka juzi niliamini bila kuangalia. Nikaenda soko la Mwanga, nikarudi na begi jipya lenye katuni mbele, linang'aa. Wiki ya tatu mkanda ukang'oka na kipande cha kitambaa. Nilipolivuta lile la zamani uvunguni, nikakuta lina ugonjwa mmoja tu: zipu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, anza na ulilonalo. Toa kila kitu, ligeuze ndani nje, litazame juani. Zipu ikifungwa kisha ikaachia nyuma ya kichwa, mara nyingi meno ni mazima, kilicholegea ni kichwa. Kibane kidogo kwa koleo, upande huu na upande ule, taratibu kisivunjike, halafu pitisha kipande cha mshumaa kwenye meno. Kikigoma, fundi anabadili kichwa peke yake, zipu inabaki. Kisha vuta mikanda pale inaposhikana na mgongo wa begi. Uzi ukiwa umekatika na kitambaa ni kizima, linashoneka. Lakini kitambaa kikibanduka maganda kwa ndani, na kikichanika ukikivuta kwa vidole, hapo usimsumbue fundi. Uzi hauna pa kushika.

Mpime na mtoto pia. Mikanda ikirefushwa mpaka mwisho bado inambana, au kaunta buku haliingii bila kukunjwa, basi amekua na anahitaji jingine kweli. Akisema wenzake wanamcheka, usimkaripie. Muulize wanacheka nini. Wangu alikuwa anaona haya kwa sababu ya doa la wino na kitundu cha pembeni. Sabuni na kiraka vilitosha.

Sasa chaguo zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Namba moja ni kukarabati, na huku ziwani tuna bahati ya uzi wa nyavu. Nilimpelekea fundi viatu uzi ule ule wanaotumia wavuvi wa Kibirizi, akashona mkanda kwa mraba, kisha akapitisha msalaba katikati ya mraba. Akauvuta kwa mikono miwili mbele yangu. "Mama, hapa begi litachakaa, uzi utabaki." Mvua mbili zimepita, haujaachia.

Namba mbili, mtumba. Kitambaa chake mara nyingi ni kizito kuliko cha begi jipya la bei ya chini, na udhaifu wake unauona kwa macho kwa kuwa limeshatumika. Funga na fungua kila zipu mara kumi papo hapo. Linuse ndani, harufu ya uvundo haitoki kirahisi.

Namba tatu, kushonesha kwa fundi cherehani, kwa turubai. Halina urembo, ila mvua ya Januari hailisumbui, na hilo ni jambo kubwa. Tangu rambo zipigwe marufuku Juni 2019, hatuna tena cha kufunikia madaftari njiani. Mwambie fundi aache kifuniko kirefu kinachoshuka juu ya zipu, maana maji huingilia hapo.

Namba nne ndiyo jipya la dukani. La mwisho kabisa ni lenye magurudumu: kwa mchanga na tope la njia zetu, mtoto ataishia kulibeba, na ni zito hata likiwa tupu.

Uzito usiuchukulie wepesi. Mzigo wa mgongoni usizidi sana asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa mtoto. Mwenye kilo 25 asibebe zaidi ya kilo tatu na nusu hivi, begi lenyewe likiwemo. Ukinunua kubwa "akue nalo", litajazwa, na litamgonga makalio kila hatua.

Ukilazimika kununua jipya, nenda na mtoto, mkibeba na madaftari yake. Yapange ndani pale pale mezani kwa muuzaji, linyanyue begi kwa mkanda mmoja, kisha kwa mwingine, ukisikiliza mshono. Ukisikia unalia, lirudishe, nenda meza inayofuata.