Eabrashi ni nzuri, aliyeniuzia ndiye tatizo

"Mtume kaka yako aje, nimwelekeze yeye."

Niliambiwa hivyo dukani, hapa hapa Arusha mjini, nikiwa nimesimama kaunta na risiti mkononi na eabrashi, kile kifaa cha mkononi cha kupulizia rangi kwa upepo, cha shilingi 450,000, ndani ya boksi lake. Nyuma yangu walikuwepo mafundi rangi wawili wanasubiri thina. Wakacheka. Habari hii nimeianza na kuiacha mara kadhaa, maana kila nikifika kwenye kile kicheko nashikwa na hasira upya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nachora jioni na wikiendi, chumba cha uani, nyumbani Sakina. Hainilipi na sijawahi kutaka inilipe. Eabrashi nimeishika miaka 6 sasa. Ya kwanza ilikuwa zile za bei nafuu zisizo na jina, na sitaisema vibaya kwa sababu ndiyo iliyonifundisha. Kwa mandharinyuma haina shida: anga, ukungu, Mlima Meru alfajiri, vyote vilitoka vizuri. Shida ilikuwa nyuso. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa na picha ya bibi yangu mzaa mama imekaa ukutani haijaisha, uso umekamilika, kichwa hakina nywele. Mvi za bibi zilinishinda. Kila nikivuta mstari mwembamba, ile mashine inatema tone. Sili zake za mpira zilikuwa zimevimba kwa thina, kifyatulio kinakwama kikirudi, na sindano yake ya ndani ina kinundu kwenye ncha ambacho nilikisugua kwa msasa laini hadi nikachoka.

Ndipo nikaanza kudunduliza. Nilitaka ya hatua mbili iliyo laini kweli, yaani unabonyeza unapata upepo, unavuta nyuma polepole unapata rangi, na kiasi cha rangi kinakutii kidole. Nozeli, yaani kile kitundu cha mbele kinachotoa rangi, ya milimita 0.3, kikombe juu ili rangi ishuke yenyewe bila kuhitaji upepo mwingi wa kuinyonya, na sili za ndani zisizoliwa na thina. Kompresa, ile mashine ya kusukuma upepo, sikubadili. Ninayo ya friji, fundi wa Ngarenaro aliniungia na tenki dogo na chujio la maji na mafuta, na ni kimya kiasi kwamba mtoto analala chumba cha pili.

Jioni ya kwanza. Naomba niieleze vizuri, kwa sababu nisipoieleza mtadhani nimekuja kulalamika tu. Nilitia wino mweusi matone machache, nikaweka karatasi, nikasogeza mkono karibu kabisa, nikavuta kidogo sana. Ukatoka mstari mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikavuta tena, mstari ukaanza mwembamba, ukanenepa, ukafifia mwishoni wenyewe kama unywele unavyofifia. Nilikaa chini. Miaka 6 nilikuwa nikidhani mkono wangu ndio mzito.

Baada ya kama nusu saa, kikombe kikaanza kutoa mapovu.

Anayejua eabrashi anaelewa maana yake. Mapovu kwenye kikombe ni upepo unaorudi nyuma kupitia njia ya rangi, badala ya kutokea mbele. Ama nozeli haijakaa vizuri, ama imeziba, ama imepasuka. Nikafungua, nikasafisha, nikarudisha. Mapovu. Ilikuwa masika, nikasema labda ni maji kwenye mpira wa upepo, nikamwaga chujio. Mapovu. Nikashusha presha ya upepo, nikabadili rangi, nikapaka nta ya nyuki kidogo kwenye nyuzi za nozeli ili izibe. Hiyo nta ilisaidia kwa muda, kisha yale yale. Siku nne nilifanya hivyo, natoka shule, nasahihisha madaftari, naingia chumbani kupambana na kikombe.

Kwa hiyo sikwenda dukani kama mtu asiyejua alichonunua. Nilimweleza kijana wa kaunta, kwa heshima, kwamba nozeli inapitisha upepo na naomba tuiangalie pamoja. Hakufungua boksi. Akasema, "Dada, hizi mashine siyo za kuchezea. Utakuwa umeweka rangi ya maji." Nikamwambia rangi za akriliki, ambazo ni za maji, zinatumika, unazichuja na kuzilainisha tu, na isitoshe mara ya kwanza nilitumia wino. Ndipo akanitolea lile la kaka. Sina kaka anayechora. Kaka yangu anaendesha lori na hajui nozeli ni nini. Mwenye duka alikuwepo, anasikia, anahesabu hela. Akaniambia bila kuinua macho kwamba kitu kikishatiwa rangi hakirudishwi.

Hilo la kutorudisha naweza kulielewa. Biashara ni biashara. Lakini hamkuangalia! Mngefungua tu boksi.

Nilitoka pale nikiwa nalia, na siogopi kulisema.

Karibu na stendi kuna mzee fundi saa ambaye huwa namletea saa ya marehemu baba. Sikuwa na mpango, miguu ilinipeleka. Shikamoo, marahaba mwalimu, mbona uko hivyo. Nikamwonyesha. Hajawahi kushika eabrashi maishani mwake. Akavaa kile kilensi chake jichoni, akaigeuza nozeli taratibu kwenye mwanga, akanipa na mimi nitazame. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama utando wa buibui, unaanzia kwenye nyuzi. Halafu akanionyesha jambo ambalo nilikuwa nimelipita siku zote nne: kwenye kifuniko cha mbele kulikuwa na alama za meno ya plaizi.

Mimi sina plaizi. Kwenye boksi unapewa kispana kidogo kama cha mwanasesere, na nozeli unaikaza kwa vidole, kisha unaigusa kidogo sana na kile kispana. "Kitu kidogo hivi," mzee akasema, "mwenye haraka asikishike." Kuna mtu aliifungua kabla yangu, labda kuwaonyesha wateja, akaifunga kama anakaza bomba la maji. Hakutaka hela yangu. Aliniambia nikatulie kwanza.

Sikurudi dukani. Najua wengine mtanilaumu. Nilimwomba jirani anayefuata mizigo Nairobi aniletee nozeli halisi ya kampuni ileile. Ikapita Namanga, ikanifikia baada ya wiki mbili hivi, shilingi 95,000 na nauli yake juu. Nikaweka, nikakaza kwa vidole, nikatia wino.

Kikombe kimetulia. Hakuna povu hata moja.

Nilimaliza mvi za bibi usiku ule, unywele mmoja mmoja, kuanzia kwenye paji kwenda kwenye kilemba. Mama alipokuja Jumapili alisimama mbele ya picha na mkoba begani, muda mrefu bila kuketi. Kisha akasema, "Hata pale alipoungua na uji unapajua." Sikupajua. Ni pale ambapo mstari ulikatika nikaacha.

Nilipokaa kuandika nilitaka kuwaambia msinunue. Siwezi. Kama unachora nyuso na una mashine ile ya kutema, badilisha, uza unachoweza kuuza. Hakuna mazoezi yatakayoinyoosha sindano mbovu. Ila mwenye duka akikupa boksi, lifungue hapo hapo kaunta. Kagua kifuniko cha mbele kama kina mikwaruzo. Omba wakuwekee maji kwenye kikombe, upepo upite, uangalie mapovu kwa macho yako, hata kama foleni nzima inaguna. Au agiza Nairobi tangu mwanzo. Nikipiga hesabu, nimelipa 545,000 bila nauli kwa kitu cha 450,000, na hapo nilipoandika "nunua" nataka tena kufuta.

Ile nozeli yenye ufa naitunza kwenye kibiriti kitupu. Mzee fundi saa anasema niwapelekee, na lensi ataniazima. Sitaki wanirudishie fedha. Nataka yule kijana aiweke ile lensi jichoni, auone ufa, halafu aniambie pole mimi mwenyewe, si kaka yangu.