Unatumia warfarini? Nenda hii famasi ya Sinza

Kama nyumbani una mgonjwa wa damu kuganda anayemeza warfarini, ile dawa ya kuzuia damu isigande, nendeni ile famasi ndogo ya Sinza, hata mkitokea Mbagala nauli haitaenda bure. Mama yangu mdogo damu iliganda mguuni baada ya operesheni, sasa yuko kwenye hiyo dawa na INR yake (kipimo cha damu kinachoonyesha inachukua muda gani kuganda) daktari anataka icheze kati ya 2 na 3, ikishuka damu inaweza kuganda tena, ikipanda sana anaweza kuvuja damu hadi ndani kwa ndani.

Kilichonikosha ni dada mfamasia wa pale. Tulienda kuchukua warfarini tu ila akaona kibahasha cha kaki mkononi mwa mama mdogo, akauliza "shikamoo mama, na hizo za nini?" Kumbe jino lilikuwa linamsumbua, akapita duka jingine la dawa (silitaji) wakampa Flagyl (antibayotiki) na diklofenaki (ya maumivu) fasta fasta bila kumuuliza anatumia nini kingine!! Dada akazimwaga kwenye trei, akazigeuza moja moja kusoma maandishi, "ushameza mama?" "Bado mwanangu, nasubiri nile kwanza." Nilishusha pumzi jamani.

Akatuelewesha vizuri kabisa, Flagyl inazuia ini kuivunja warfarini kwa hiyo inajazana mwilini na INR inapaa, diklofenaki nayo inachubua tumbo, zikikutana hapo damu ikianza kutoka kuizuia ni kazi. Septrin, antibayotiki nyingine, pia ni ya kuogopa kwa sababu inapandisha INR, ila rifampisini ya TB yenyewe kinyume, inashusha INR. Akampigia daktari wake palepale, antibayotiki ikabadilishwa, diklofenaki ikawekwa pembeni akapewa panadol, tena akaonywa asimeze dozi kubwa kila siku maana nayo inapandisha, na akaambiwa INR ipimwe tena ndani ya siku chache. Mchicha na kisamvu asiache, ale kiasi kilekile wiki zote, sio leo sahani nzima halafu mwezi mzima hakuna.

Kuna kaka kwenye foleni alitaka ndugu yake mwenye moyo wa rumatiki (vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki) ahamishiwe rivaroxaban, dawa mpya ya kuzuia damu kuganda, ile isiyohitaji kupima INR. Dada angeweza kuuza tu, tena ni ya bei, lakini akamwambia rudi kliniki kwanza, kwa sababu utafiti wa INVICTUS wa 2022, ambao Waafrika wengi walikuwemo, ulionyesha wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio walikufa wachache zaidi kwenye dawa za kundi la warfarini. Na mwenye vali ya moyo ya chuma, hizo dawa mpya kama rivaroxaban hapewi kabisa. Mfamasia anayefuatilia tafiti hivi na kumwelezea mtu wa kawaida akaelewa, kwa kweli nampa nyota zote.

Kasoro zipo, bei iko juu kidogo kuliko Kariakoo na yuko peke yake kaunta kwa hiyo jioni foleni inakuwa ndefu maana kila mtu anaulizwa maswali, mimi naona ni sawa tu ila mwenye haraka atanuna. Asubuhi pametulia. Bebeni dawa zote mnazotumia, hadi za mitishamba, na kile kijitabu cha INR, lazima atavidai.