Gesti ya Mkomani: malazi mazuri, daftari liko wazi

Mwezi uliopita nilitoka Malindi kwenda Amu, yaani Lamu, kuchukua kofia 12 kwa akina mama wanaonishonea, nikalala siku mbili kwenye gesti moja ya mtaa wa Mkomani. Jina silitaji, maana mwenyewe nimezungumza naye na amenisikiliza.

Nyumba ni ya kale, kuta nene za matumbawe, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimepakwa chokaa upya. Neti haina tundu hata moja. Juu kuna kibanda cha makuti kinachopokea upepo wa baharini, na asubuhi wanakuletea mahamri ya moto na mbaazi za nazi. Kwa shilingi 2,500 kwa usiku, sina la kudai zaidi.

Shida iko mapokezi. Kando ya chupa ya chai kuna daftari kubwa la wageni, limefunuliwa mchana kutwa, kalamu imefungwa uzi. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakotoka, chumba chako na siku ya kuondoka. Nilipokuwa najaza mstari wangu niliwasoma wenzangu bila kutaka: mwalimu wa Voi yuko chumba cha 4, anaondoka Jumapili. Kisha kijana akakilaza kitambulisho changu mezani, akakipiga picha mbele na nyuma kwa simu yake mwenyewe.

"Ya nini hiyo, mwanangu?"

"Ya usalama, mama. Huku ni lazima."

Usalama naujua. Juni 2014, watu zaidi ya 60 walipouawa na wavamizi wenye silaha Mpeketoni, huku huku Lamu, na vijiji vya jirani, nilikuwa na jamaa zangu huku, na baadaye ikaja amri ya kutotoka usiku. Ndiyo maana njiani askari alipopanda basini, akashika kitambulisho changu, akanitazama usoni na kunirudishia, nilimwambia asante, na nilimaanisha. Yeye aliangalia alichotumwa kuangalia, basi.

Usiku ule, saa nne, simu ikaingia ujumbe kutoka nambari nisiyoijua: "Mama wa Malindi, chumba cha juu kina upepo?" Mwili ulinisisimka. Chini ya kitanda nilikuwa na mfuko wa kofia, na kofia moja ya mkono humchukua mshonaji miezi. Nilisukuma kiti mlangoni nikakesha. Sasa daftari lile lilimlinda nani?

Watu wengi hudhani ukishataja usalama wa taifa basi faragha imekwisha. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inatulinda tusidaiwe wala kufichuliwa mambo yetu ya faragha pasipo lazima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kweli inatoa nafasi kwa usalama wa taifa, lakini hata hapo inabakisha wajibu wa kukusanya kile kinachohitajika tu na kukihifadhi vyema. Polisi akija kuuliza nani amelala hapa, apewe daftari. Mgeni wa chumba cha pili hana haja nalo.

Asubuhi nilimweleza mwenye gesti, nikamwonyesha ujumbe. Hakubisha. Alimwita kijana, picha ikafutwa mbele yangu, na ndipo nikaambiwa kuwa ilikuwa imeshatumwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, watu tisa, wawili kati yao walishaacha kazi. Hilo liliniuma kuliko ule ujumbe.

Siku ya kuondoka nilikuta daftari limewekwa kadibodi juu, imekatwa upenyo wa mstari mmoja tu, mgeni aone pa kuandika na asione pengine. Kazi ya mkasi na dakika tano. Nimempa nyota 3 kati ya 5. Ya nne nitaiongeza akishanionyesha kwamba picha za vitambulisho vyetu zimeondolewa kundini, na nitarudi Amu kabla ya Maulidi kuchukua kofia nyingine.