Uzoefu wangu na BattleTech: joto la miguu ndilo linalokumaliza

BattleTech ni mchezo wa mezani wa vita vya roboti wakubwa. Boksi la BattleTech: A Game of Armored Combat, toleo la 2019 la Catalyst Game Labs, linakuja na mashine nane za plastiki, ramani za heksi (vyumba vya pembe sita), dadu na kitabu cha kanuni cha Kiingereza. Plastiki ni nzuri, ramani zinatosha, basi. Kinachofanya niendelee kuucheza ni joto ambalo kila mashine hulikusanya inaposogea na kufyatua, na hasa joto la mwendo, ambalo wachezaji wengi hulipuuza kwa sababu tarakimu zake ni ndogo.

Kusimama ni 0. Kutembea ni 1, iwe umekwenda heksi moja au umemaliza zote. Kukimbia ni 2. Kuruka ni 1 kwa kila heksi, lakini hakushuki chini ya 3, kwa hiyo anayeruka heksi moja kukwepa mti amelipa 3. Ukianguka, kila jaribio la kuinuka ni 1 nyingine. Upande wa pili kuna vipoza joto: kila kimoja cha kawaida hutoa 1 kwa raundi.

Ugumu uko kwenye mpangilio wa raundi. Kwanza wote wanasogea, kisha wote wanafyatua, kisha mateke na ngumi, na mwisho kabisa ndipo joto linahesabiwa. Bunduki unaweza kuiacha kimya ukiona hali mbaya, lakini hatua uliyokwishapiga haifutiki. Na adhabu za mwendo na shabaha unazikuta raundi inayofuata: ukifika 5 unapoteza pointi moja ya kutembea, 8 shabaha inakuwa ngumu kwa 1. Nyingine zinakuja papo hapo joto linapohesabiwa: 14 unarusha dadu mashine isizimike, 19 risasi zinaweza kulipuka ndani, 30 inazimika bila kurusha dadu. Kosa ninaloliona sana mezani ni mtu kusogeza alama kwenye kipimo cha joto mara tu anapofyatua, akajipa adhabu raundi hiyohiyo. Jumlisha joto lote, toa vipoza joto, ndipo usogeze.

Chukua mashine ya Wolverine WVR-6R: vipoza joto 12, kutembea 5, kukimbia 8, kuruka 5. Silaha zake ni mzinga wa AC/5 (joto 1), makombora ya masafa mafupi ya SRM 6 (4) na leza ya kati (3), jumla 8. Ikikimbia na kufyatua zote ni 10, kwa hiyo haibakizi kitu. Ikiruka heksi 5 ni 13, inabaki 1. Wengi wanaona hiyo ni bure, wanaruka kila raundi. Mimi siruki hovyo. Aliyeruka heksi 5 anaongeza ugumu wa kupigwa kwa 3 (2 za umbali, 1 ya kuruka). Aliyekimbia heksi 7 au 8 naye anaongeza 3 ileile. Tofauti iko kwenye shabaha yako mwenyewe, maana kukimbia kunakuongezea 2 na kuruka 3. Rubani mwenye ustadi wa 4 akipiga kwa leza adui aliyesimama umbali wa kati, akiwa amekimbia anahitaji 8 au zaidi kwenye dadu mbili, yaani mara 15 kati ya 36. Akiwa ameruka anahitaji 9, mara 10 tu. Kwa hiyo pale palipo wazi, kimbia. Ruka unapotaka kuvuka msitu au kilima, au kutua mgongoni mwa adui, kwa kuwa anayeruka hutua akitazama upande anaoutaka bila kulipia mageuzi.

Mashine inayofundisha zaidi ni Awesome AWS-8Q. Ina PPC (mizinga ya chembe) tatu zenye joto 10 kila moja, na vipoza joto 28. Ikifyatua zote imesimama inabaki 2, ikitembea 3, ikikimbia 4. Zote tatu ziko chini ya 5! Raundi inayofuata ukifyatua PPC mbili huku unakimbia, ni 4 za zamani jumlisha 22, jumla 26, vipoza joto vinamaliza zote. Kwa mpango wa tatu-mbili-tatu-mbili, anayeisimamisha Awesome ili kuokoa joto haokoi chochote, anajigeuza shabaha tu. Kusimama kuna maana ukitaka kufyatua tatu raundi mbili mfululizo: 2, halafu 4. Ukitembea ni 3 halafu 6, na mashine inayotembea 3 sasa inatembea 2. Joto halishuki chini ya sifuri, kwa hiyo upoezaji uliozidi umepotea, hauwekwi akiba.

Catapult CPLT-C1 nayo ina vipoza joto 15. LRM 15 (makombora ya masafa marefu) mbili ni 10, na kuruka heksi 4 ni 4, jumla 14. Raha tupu, mpaka mtu aongeze leza mbili za kati: 20, inabaki 5, na kutembea kumeshuka hadi 3 wakati huohuo adui amekaribia ndani ya heksi 6, umbali ambao LRM zinaanza kukosa shabaha. Adui akiwa karibu hivyo, nyamazisha LRM, tumia leza nne (12) na ukimbie: 14.

Hesabu hizi zote zinavurugika injini ikipigwa. Pigo la kwanza linaongeza joto 5 kila raundi. Wolverine ile ikikimbia na kufyatua zote sasa inabakiza 3, ikiruka heksi 5 inabakiza 6. Hapo ndipo ninapokata silaha kabla ya mwendo, nikianza na SRM 6. Kumbuka pia kwamba joto hupunguza kutembea na kukimbia, kuruka halikugusi. Mashine iliyochemka na kukwama bado inaweza kuruka nje ya mtego, mradi uwe tayari kulilipia.

Ukiwa ubavuni mwa adui, teke halina joto hata moja.