Thamani ya Baiskeli ya Kale: Ipi Inunuliwe Kwanza, Ipi Iachwe

Muuzaji wa baiskeli ya kale huanza kwa kutaja umri wake, na mnunuzi asiye makini huishia hapo hapo. Umri peke yake haupandishi bei, kwa kuwa viwanda vya karne ya 20 vilitoa mamilioni ya baiskeli za kawaida ambazo bado zimejaa stoo za watu. Kinachopandisha bei ni ubora wa fremu, ukamilifu wa vifaa vilivyotoka nayo kiwandani na hali ya chuma chenyewe, na kwa vigezo hivyo ndivyo ninavyozipanga.

Nafasi ya kwanza naipa baiskeli ya mbio ya kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye fremu ya paipu nyepesi, hasa Reynolds 531 ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1935, au Columbus ya Italia. Stika ya paipu hizo isikutoshe, maana stika mpya inapatikana na yeyote anaweza kuibandika. Chomoa nguzo ya kiti uipime kipenyo kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene: milimita 27.2 ni dalili nzuri kwamba kuta za paipu ni nyembamba, ilhali kipimo kidogo zaidi mara nyingi huashiria chuma kizito, ingawa fremu nyingi bora za Ufaransa zina 26.4 na hivyo kipimo hiki kisiamue peke yake. Kisha tazama pale ekseli ya gurudumu la nyuma inapokaa. Kipande kinene cha chuma kilichofuliwa, chenye skrubu ndogo za kurekebishia, ni cha fremu ya thamani. Kipande chembamba kilichokatwa kwenye bati ni cha fremu rahisi, hata jina lililoandikwa juu yake liwe kubwa kiasi gani. Gia ya nyuma aina ya Nuovo Record, ya kampuni ya Italia ya Campagnolo, ya miaka ya 1970 huwa imeandikwa PATENT pamoja na tarakimu mbili za mwaka. Ikisomeka 78 kwenye baiskeli inayodaiwa kuwa ya mwaka 1968, basi ama gia ilibadilishwa, ama huo mwaka ni wa kubuni.

Ya pili ni baiskeli nzito ya kila siku, kama zile za Raleigh za Nottingham, ikiwa imekamilika: madigadi, kava ya mnyororo, karia, kengele na taa ya dinamo. Bei yake si kubwa, lakini haiyumbi. Zenye gia tatu ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya Sturmey-Archer hurahisisha kazi, kwa sababu habu nyingi zimepigwa chapa ya mwezi na mwaka wa kutengenezwa.

Ya tatu ni baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele ya karne ya 19. Hizi zina bei ya juu, ila wanunuzi wake ni wachache na za kuigiza zipo, mwachie mtaalamu.

Ya nne ni baiskeli ya gia kumi ya miaka ya 1970 iliyotengenezwa kwa wingi. Schwinn Varsity ya Marekani ni imara, lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 16, na inastahili bei ya baiskeli iliyotumika tu. Cha kuchekesha ni kwamba Sting-Ray, baiskeli ya watoto iliyotolewa na kampuni hiyo hiyo mwaka 1963, mara nyingi huizidi bei.

Ya mwisho ni ile iliyopakwa rangi upya na kuchanganywa vifaa. Inang'aa, na hapo ndipo wengi hunaswa. Kwa mkusanyaji, rangi ya asili yenye mikwaruzo ni bora kuliko rangi mpya isiyo ya kiwandani.

Kabla ya kutaja bei, pitisha kidole chini ya paipu mbili kuu, nyuma kidogo ya shingo ya fremu. Rangi iliyokunjamana au uvimbe hapo huonyesha kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele na fremu imepinda. Jaribu pia kuizungusha nguzo ya kiti, kwani ya aluminiamu iliyoganda ndani ya paipu ya chuma inaweza kumshinda fundi. Bei ya kulinganishia iwe ile ambayo baiskeli za aina hiyo zimeuzwa kweli, wala si ile inayotangazwa, kisha utoe gharama ya tairi, nyaya za breki na kila kifaa cha asili kinachokosekana.