Koilova safi, gereji ya hovyo: yaliyonikuta Tanga na Datsun yangu

Kilichonitoa kwenye utu ni waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea. Fundi anachomelea mguu wa shokapu, habu, kile kitovu tairi linapofungiwa, iko palepale, beringi zimo ndani, halafu kile kibanio cha ethi anakwenda kukibana kwenye diski ya breki. Anayeijua mashine ya kuchomelea ameshanielewa. Asiyeijua avumilie kidogo, nitafika huko, maana hasira yangu yote iko hapo na siwezi kuisimulia mbio mbio.

Gereji yenyewe iko Ngamiani. Jina silitaji, sitaki kuitwa mahali.

Gari ni Datsun 240Z. Vijana wakiliona wanauliza ni gari gani, wazee wanasimama na baiskeli zao wanaanza kusimulia. Ndilo lililoshinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971, Edgar Herrmann kwenye usukani na Hans Schüller pembeni, na wa pili akawa Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Mwaka 1973 Mehta akarudi na Lofty Drews, akachukua ushindi wake. Langu halijawahi kushindana na chochote isipokuwa bodaboda za Chumbageni, na mara nyingi zinanishinda. Lakini ni la marehemu mjomba, liko kwenye familia tangu sijazaliwa, na sikulipeleka kwa fundi ili likatwe vipande na mtu asiyelijali.

Kwa nini likatwe basi? Kwa sababu shokapu ya gari hili si ya kufungua bolti mbili ukaweka nyingine. Kuna bomba la chuma lililoungana moja kwa moja na chuma kinachobeba tairi, na shokapu inakaa ndani ya bomba hilo. Sahani ya springi nayo imechomelewa palepale. Ukikata springi peke yake ili gari lishuke, shokapu inabaki na urefu wake wa zamani, haina nafasi ya kutembea, kila shimo inagonga mwisho. Ndiyo maana wenye 240Z duniani kote wanakimbilia koilova za kuchomelea, yaani shokapu na springi yake kwa pamoja, ambazo urefu wake unaurekebisha. Unakata bomba, unavika kitako kipya chenye nyuzi kama za skrubu, unachomelea, halafu shokapu mpya inaingia kwa kuzungushwa. Unapandisha au kushusha gari kwa nyuzi za chini bila kuibana springi. Ukishakata, hakuna kurudi. Kazi ya namna hiyo unampa mtu unayemwamini, na mimi nilielekezwa kwa hawa na watu watatu tofauti, wote wakiapa.

Siku ya kwanza nilimwamkia mwenye gereji shikamoo, akaitika marahaba bila kunyanyua uso kwenye simu. Nikafungua boksi la koilova. Akachungulia, akacheka.

“Hizi ndizo ulizonunua? Mdogo wangu, gari hili lilishinda Safari na shokapu za kiwandani. Nyie mnapenda kuharibu.”

Nakiri hoja yake inauma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini magari yale yalikuwa ya timu ya kiwanda, yaliandaliwa na kiwanda kwa ajili ya mbio. La mjomba lilitoka dukani kama magari mengine, na shokapu zake zilikuwa zimekufa, ukilibonyeza boneti linacheza ngoma mpaka uchoke kulitazama. Sikumjibu hayo. Nilimwambia jambo moja tu: kabla ya kuchomelea, habu itoke, breki zitoke, kibaki chuma kitupu mezani.

“Utalipia muda huo?”

“Nitalipia, mzee.”

“Basi.”

Hilo “basi” ndilo nililoliamini. Nikakaa nao mpaka mguu wa kwanza unashuka, wa mbele kushoto, nikaenda kuswali Ijumaa. Niliporudi mguu uko mezani umeshachomelewa, habu haijatolewa, diski haijatolewa, na kibanio cha ethi bado kimeng'ata diski. Bado kimeng'ata! Hakuna hata aliyejali kukiondoa nisikione.

Sasa kwa asiyejua. Umeme wa kuchomelea unatoka kwenye rodi, unaingia kwenye chuma, unatafuta njia ya kurudi kwenye mashine kupitia kile kibanio. Ukibana karibu na unapochomelea, unarudi kwa njia fupi na hakuna linaloharibika. Ukibana kwenye diski, kati ya bomba na diski kuna nini? Kuna beringi. Umeme wote ule unalazimika kupita kwenye rola ndogo za chuma, zinazogusana na bakuli lake kwa kijistari chembamba tu, na pale zinapogusana panapiga cheche. Kila cheche inaacha kovu. Kwa nje huoni kitu. Grisi ipo, habu inazunguka, fundi anakwambia “safi”.

Na hapa inabidi niseme kitu kinachoniudhi zaidi: mshono wenyewe ulikuwa mzuri. Kijana aliyeshika mashine anajua kuchomelea, hilo silipingi mbele ya mtu yeyote. Alianza na vidoto vinne vya kushikiza, vya kukabiliana, akapima bomba kama limesimama wima, ndipo akafunga mzunguko kipande kwa kipande, mara upande huu mara ule, ili joto lisivute bomba likapinda. Mshono umelala kama magamba ya samaki. Kile kishikizo cha mpira wa breki, kilichokuwa kwenye bomba la zamani, alikikata kwa uangalifu akakichomelea kwenye jipya bila kuambiwa, ili mpira usije ukasugua tairi. Mafundi wengi wangekitupa. Kijana huyo huyo ndiye aliyebana ethi kwenye diski, na nilipomuuliza akamtazama bosi wake. Nikaelewa agizo limetoka wapi.

Miguu mitatu iliyobaki nilisimama juu ya vichwa vyao. Habu ikatoka, ethi ikabanwa kwenye bomba lenyewe, nikasikia manung'uniko nikajifanya kiziwi. Kuna aliyekuja na ndoo ya maji ili aupoze mshono ukiwa bado mwekundu, nikapiga kelele mpaka wauza chapati wa ng'ambo wakageuka. Chuma kile kinabeba tairi. Ukikizimisha kwa maji kinakuwa kigumu cha kuvunjika, na sitaki kivunjike nikiwa nashuka mlima.

Gari likafungwa, nikalitoa njia ya Pongwe. Mpaka spidi 50 raha tupu. Kufika 60 hivi, ngurumo. Si kelele ya tairi, ngurumo ya chini chini inayopanda kadiri unavyokanyaga mafuta. Nikakata usukani kidogo kulia, uzito ukaegemea kushoto, ngurumo ikazidi. Nikakata kushoto, ikapungua. Mbele kushoto. Kulia kimya. Kulia ndiko habu ilikotolewa. Ningekuwa hakimu kesi ingeishia hapo barabarani.

Nililipeleka kwa mzee mmoja Chumbageni anayeshughulika na malori, gereji yake haina hata bati la kutosha. Hakuuliza gari ni la mwaka gani. Akaikung'uta beringi ikatoka, akaifuta grisi kwa kitambaa, akaligeuza bakuli kwenye jua na kunielekeza kwa ukucha. Vidoadoa vya kijivu, vimejipanga kwa nafasi sawasawa, umbali wa rola na rola. Beringi iliyochakaa kwa uzee inachubuka huku na huku. Hii ilikuwa na alama pale tu ambapo kila rola ilikuwa imesimama wakati umeme unapita.

“Mwanangu,” akasema, “hii haijafa kwa uzee. Hii imepigwa shoti.”

Nikazifunga kwenye gazeti, ya ndani na ya nje, nikarudi Ngamiani. Mwenye gereji alikuwa na kahawa na kashata zake kibarazani. Nikaziweka mbele yake. Hakuzishika.

“Beringi za gari la zamani hivyo, ulitaka ziimbe kaswida?”

Wale vijana wakacheka, isipokuwa yule mchomeleaji. Nikamwonyesha alama, nikamweleza habari ya rola. Akasema amefanya kazi hii tangu mimi navaa kaptula, na hajawahi kuona umeme unakula beringi. Hajawahi kuona, sawa, kwa sababu ukishatoka getini kwake hakuoni tena! Mteja ananguruma njia nzima mpaka Segera, anadhani ni tairi, anabadilisha tairi, anadhani ni barabara. Nani atarudi kumwambia? Tanga wanasema waja leo waondoka leo, na jamaa huyu amejengea biashara hapo.

Beringi zenyewe hazikuwa tatizo. Zinauzwa kwa namba, unasoma kwenye chuma, unaingia dukani, unatoka nazo. Kinachoniuma si fedha. Ni kwamba niliomba jambo moja, nikakubali kulilipia, nikalilipia, na halikufanyika.

Tukiacha hayo, koilova zenyewe je? Wengi mtataka kujua hilo, na hapa ndipo kichwa changu kinapogongana na moyo. Kwa barabara za mtaani ni ngumu. Juu hazina raba ya kiwandani, kwa hiyo kila kijiwe unakisikia kwenye meno, na abiria wa kike nyumbani kwangu ametangaza hapandi tena. Nyuzi ziko wazi, na upepo wa bahari yetu hauachi chuma wazi kwa amani. Msimu mmoja wa mvua bila kupaka grisi na kuvika mpira, zile pete za kupandishia hutazigeuza tena hata kwa spana yake. Karatasi ya maelekezo ni picha za mistari tu, na haisemi popote ethi ibanwe wapi. Kampuni inamuuzia mtu kitu cha kuchomelea na haimwambii hilo. Nilikuwa nimeshaandika nyota mbili.

Halafu nikalipandisha Lushoto.

Pale Mombo ukiacha barabara kuu ya chini, barabara inaanza kujikunja, jabali kushoto, bonde kulia, basi linakuja katikati likipiga honi kwa imani tu. Njia hiyo nimeipita na gari hili mara nyingi zamani, na kila kona lilikuwa linalala ubavu, pua inakwenda pengine na usukani pengine. Safari hii liliingia. Nageuza, linageuka. Nakanyaga, mkia unakaa. Zile kona za juu, zenye mashimo ukingoni, tairi linaingia shimoni na kutoka na gari halijui. Injini ile ya silinda sita, lita mbili na nusu kasoro kidogo, kwa mara ya kwanza nilihisi imepata miguu inayostahili. Nilicheka peke yangu. Nilipofika juu nikanunua plamu ambazo sikuzihitaji, ili tu nipate sababu ya kusimama na kulitazama.

Kwa hiyo nyota tano. Kwa koilova nasema tano, na ugumu wake nausamehe. Hata gereji, kwa mshono ule, nilipokuwa nashuka nilisema moyoni niwape tatu, maana bila mkono wa yule kijana nisingezipita kona zile nikiwa nacheka. Kijana mwenyewe alinifuata baadaye nje ya msikiti, akasema, “Kaka, ukiwa na kazi nyingine nipigie mimi, nina mashine yangu nyumbani.” Nimeihifadhi namba yake. Yeye nampa nne, na ile ya tano ataipata akijifunza kumkatalia bosi.

Lakini nikiikumbuka ile kaswida, tatu inashuka hadi moja. Na ukweli ni kwamba hata hiyo moja ni ya kijana.

Nilirudi mara ya mwisho na risiti ya beringi, nikamdai anirudishie. Akaisoma mbele na nyuma, akaniambia gereji yake hairudishi fedha, akaingia ndani na kutoka na kopo la grisi lililotumika nusu, akaliweka mezani badala ya pole. Nikalichukua.